Kipando cha Nane Nane si ekari yako

Wanafunzi wa kilimo wa fildi wakisharipoti ofisini kwetu Julai, najua kitakachofuata. Wiki ya kwanza ya Agosti mmoja wao atasimama mbele ya kipando cha mahindi, yaani kishamba cha maonesho, kwenye viwanja vya Nane Nane vya John Mwakangale hapa Mbeya, fulana ya maonesho bado inanukia dukani. Mzee wa Mbozi atamuuliza, "Mwanangu, hii inatoa gunia ngapi?" Naye atajibu bila kupepesa macho: "Arobaini kwa ekari, mzee."

Safari hii nimeona niandike.

Nafasi ya 75 kwa 30, yaani sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mche mmoja kwa shimo, inakupa miche kama 18,000 kwa ekari. Gunia 40 za kilo 100 zinataka kila mche utoe gramu 220 za punje kavu, na usife hata mmoja, usiliwe na kiwavi, usiangushwe na upepo. Mimi shamba hilo sijalikuta, na nimetembea sana.

Basi 40 inatoka wapi? Kijana anavunja mahindi kumi ya pembeni, maana ndiyo anayoyafikia bila kukanyaga kipando, anapukuchua, anapima, anazidisha. Hapo ndipo ninapochemka. Kipando cha mita 5 kwa 5 kina mistari 7 ya miche 17, jumla 119. Hesabu ya ukingoni: 44. Zaidi ya theluthi ya kipando chote inapata jua bila mshindani upande mmoja, na mizizi yake inaponea maji yanayomwagika njiani. Kwenye ekari ya mraba, miche ya ukingoni haifiki hata asilimia 4. Unampa mzee mavuno ya ukingo, halafu unamwambia ndiyo ya shamba.

Hata hiyo 5 kwa 5 yenyewe ina walakini. Mistari 7 ya sentimita 75 inakula mita 5.25, na miche 17 ya sentimita 30 inakula mita 5.1. Hizo ni karibu mita za mraba 27, wewe umegawanya kwa 25. Kisha ukifika kwenye ekari unasema "mita 70 kwa 70". Zile 70 ni hatua, ndugu yangu! Mita 70 kwa 70 ni 4,900, ekari ni 4,047. Umeshamwongezea mzee shamba asilimia 21 bila hati.

Unyevu nitaupitia haraka. Punje zenye unyevu wa asilimia 30, ukikausha kilo 100 hadi asilimia 13, unabaki na kama 80. Tarehe 8 Agosti nyingine bado zinatoa maziwa.

Halafu kuna mbegu. Kila mgeni anataka "mbegu hiyo hiyo", kana kwamba pakiti ndiyo iliyomwagilia. Mvua yetu inakatika Mei. Mahindi ya Mbozi yameshavunwa, haya ya kijani yako hai kwa bomba. Yamewekewa mbolea ya kupandia na ya kukuzia kwa siku zake. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, kuna mtu anayeamka alfajiri kufunua moyo wa kila mche akitafuta ule ungaunga wa kahawia, kama vumbi la mbao, unaoonyesha kiwavi kalala humo. Mtu huyo ni wewe, mwanafunzi. Mwambie mzee hivyo. Na akitoka Kyela, chini kule ziwani, usimuuzie sifa za mbegu ya nyanda za juu kwa sababu tu imependeza Mbeya.

Nikiri jambo. Hii 75 kwa 30 tunayoikazania, mimi siiamini sana kwa mtu wa jembe la mkono. 75 kwa 60, miche miwili kwa shimo, ni idadi ile ile, na mashimo ni nusu. Vitabu vinapendelea ya kwanza. Mgongo wa mama anayepanda unapendelea ya pili, nami siku hizi nasikiliza mgongo.

Kuna wakati nashangaa kama vipando vinafundisha kitu. Kimoja kingefundisha: mbegu ile ile, bila mbolea wala palizi, kando ya kile kizuri. Niliwahi kukiomba, nikaambiwa kitaharibu mandhari mbele ya mgeni rasmi.

Kwa hiyo ukiulizwa gunia ngapi, muulize kwanza mwaka jana alivuna ngapi, aliweka mbolea gani, alipalilia lini. Ukitaka kupima kweli, acha mistari miwili ya pembeni kila upande, acha na miche ya ncha za kila mstari, chukua mahindi ya katikati yakishakauka Septemba. Na uweke mlinzi, maana jioni ya tarehe 8 watu wote wa mabandani wanakumbuka mahindi ya kuchoma.