Majani safi si dalili ya kupona: mhogo, batobato na RNA ndogo

Wiki hii tena nimeletewa pingili za mhogo kwa maneno yaleyale: "Mti huu ulikuwa na batobato, ukapona wenyewe. Ndio mbegu bora." Nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara shamba zima linaingia hatarini.

Batobato ni ugonjwa wa virusi unaoyatia majani mabaka, na mti haukupona. Virusi vikiingia kwenye seli, vimeng'enya vya mmea viitwavyo Daisa huikata RNA yao yenye nyuzi mbili (RNA ni nakala ya ujumbe wa jeni) kuwa vipande vya nukleotidi, yaani herufi za RNA, 21 hadi 24. Hizo ndizo RNA ndogo. Protini za mmea ziitwazo Agonauti hubeba vipande hivyo na kuvitumia kuitambua RNA ya virusi inayooana navyo, kisha huikata kabla haijazaa protini. Jeni za virusi zinanyamaza, na machipukizi mapya yanatoka laini, ya kijani. Lakini virusi vimepungua tu, na vina protini zake za kuzima ulinzi huo. Virusi vya batobato ya Kiafrika na vya ile ya Afrika Mashariki vikikutana kwenye mti mmoja, vinasaidiana kuuzima ulinzi huo. Mchanganyiko huo uliitesa sana mihogo ya Uganda miaka ya 1990.

Ni kweli baadhi ya pingili za mti kama huo hutoka bila virusi, hasa kwa aina zenye ukinzani. Kwa macho huwezi kuzijua. Kwa hiyo nawasihi: mti ukionyesha batobato ungali mchanga, ufunge kitambaa chekundu shinani, na usiukatie mbegu hata ukinawiri vipi. Ukingoja mavuno, majani yamepukutika na huna tena cha kukuongoza. Ugonjwa wa michirizi kahawia, nao wa virusi, unahitaji macho makali zaidi, maana dalili hukaa majani ya chini huku kilele kikipendeza na mizizi ikioza ndani.

Nasikia pia madai mengine. "Kunyamazisha ni kuiondoa jeni." Sivyo. Mara nyingi DNA haiguswi. Kinachokatwa ni ujumbe wake.

"Nitapulizia dawa." Dawa huua inzi weupe wanaosambaza ugonjwa. Virusi vilivyo ndani ya mti haviguswi.

"Mhogo wa RNA utazinyamazisha jeni zetu." Hili lilivuma Kenya ilipoidhinisha mwaka 2021 mhogo uliotengenezwa kuzinyamazisha jeni za virusi vya michirizi kahawia. Mchicha, wali na maharage ya jana vilikuwa na RNA ndogo tele, na tumbo linazimeng'enya pamoja na chakula kingine.