Botín ya Madrid: miaka 300, na stori nyingi ambazo sio kweli

Kila ikipostiwa picha ya Sobrino de Botín, ule mgahawa wa Calle de Cuchilleros karibu na Plaza Mayor pale Madrid, chini yake utakuta maneno yaleyale na mengi sio kweli. Naupenda sana huu mgahawa na historia yake, basi ngoja tuyaweke sawa.

Dhana inayosambaa kuliko zote: eti ni familia moja tu toka 1725 mpaka leo, baba anamwachia mwana.

Hapana. Aliyeanzisha ni Jean Botín, mpishi Mfaransa, na mkewe mtu wa Asturias, kaskazini mwa Hispania. Baadaye akashika Candido Remis, mpwa wa yule mke, ndio maana jina mpaka leo ni "mpwa wa Botín". Familia ya González, wenyewe wa sasa, wameingia karne ya 20, pale Emilio González na mkewe Amparo Martín walipoununua. Na hawa ndio watu wanaosahauliwa kabisa wakati bila wao sidhani kama leo tungekuwa na cha kuongelea, maana vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza 1936 Amparo aliondoka na watoto wakaenda Segorbe, mkoa wa Castellón, Emilio akabaki Madrid kuulinda mgahawa, ukawa kantini ya kulishia wanamgambo. Na wala haukuwa mkubwa hivi unavyouona. Walikula wateja chini na ghorofa ya kwanza tu, juu wanaishi familia, na lile pishi la matofali ambalo watalii wanagombania meza zake leo lilikuwa stoo. Watoto wao Antonio na José ndio walikuja kuupanua.

Dhana nyingine: toka siku ya kwanza unakaa, unaletewa menyu, unaagiza. Wapi! Ilikuwa nyumba ya wageni, na enzi hizo wenye nyumba za wageni walikatazwa kuuza nyama, divai na vyakula vingine kwa sababu wangeingilia biashara za watu wengine. Kwahiyo mgeni alikuja na nyama yake mkononi, wao kazi yao kumpikia. Halafu karne ya 19 pakajulikana zaidi kwa keki na vitu vitamu, pestiños, bartolillos zenye krimu ndani. Mwandishi Benito Pérez Galdós kwenye riwaya yake ya Fortunata y Jacinta, ya 1887, anapataja kama duka la keki.

Hiyo inajibu na wale wanaosema Hemingway, mwandishi wa Kimarekani, ndio aliyepatoa gizani. Ni kweli riwaya yake The Sun Also Rises, ya 1926, inaishia na watu wanakula Botín, na imeleta Wamarekani wengi sana, lakini Galdós alishapaandika karibu miaka 40 kabla yake.

Kuhusu Goya, yule mchoraji maarufu wa Hispania, kuosha vyombo pale akiwa kijana: inapendwa sana hii lakini ni simulizi tu, msiiandike kama historia.

Sasa hili la "mgahawa mkongwe kuliko yote duniani". Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, waliutambua hivyo 1987, na kinachohesabiwa ni kufanya kazi mfululizo, sio kwamba kabla ya hapo binadamu hawakuuziana chakula. Pale Salzburg, Austria, kuna mgahawa wa St. Peter wanaotaja mwaka 803, na hapohapo Madrid kuna Casa Pedro wanasema wao ni 1702. Jengo lenyewe la Botín ni la 1590, hiyo 1725 ni mwaka wa ukarabati uliochongwa kwenye jiwe pale mlangoni.

Na jamani, tusiende pale kufuata paella, ule wali wa Kihispania, kisa tuko Hispania. Paella asili yake Valencia. Hii ni Castilla, eneo la katikati ya Hispania, watu wa kuchoma. Kinachofuatwa ni kitoto cha nguruwe cha wiki tatu hivi, kinatoka Segovia, kinaingia kwenye oveni ileile ya karne ya 18, kuni za mwaloni, kinakaa humo masaa mawili na zaidi mpaka ngozi inakauka ukiigusa na kisu inapasuka yenyewe huku nyama ndani laini kabisa. Asiyekula nguruwe kuna mwanakondoo, na yeye anaiva oveni hiyohiyo.