Bernie Grant: diwani wa Haringey aliyeingia Bungeni na vazi la Kiafrika

Kwenye semina zetu za elimu ya uraia kuna swali halikosi, hivi mtu anaanzaje mpaka anakuwa mbunge kule Uingereza? Wengi wanadhani ni kusoma Oxford tu basi. Wa hivyo wapo wengi, ila njia ya udiwani nayo imepitiwa sana, na mfano ninaoupenda ni Bernie Grant.

Jamaa kazaliwa Georgetown, Guyana, 1944, wazazi walimu, akatua Uingereza 1963. Akaenda Heriot-Watt kule Scotland kusomea uhandisi wa migodi, akaacha kwa hasira maana wanafunzi weusi walikuwa hawapelekwi kufanya mazoezi ya kazi Afrika Kusini ya makaburu wakati wenzao wazungu wanaenda. Akafanya kazi ya kuunganisha simu, akazama kwenye chama cha wafanyakazi, na 1978 akawa diwani kwa chama cha siasa cha Labour pale Haringey, kaskazini mwa London.

Hapa watu huwa wanapitiliza, mimi nakaa kidogo. Diwani wa kule hana mshahara, ana posho, kwahiyo wengi wanashinda kazini halafu jioni vikao. Na kinachomfikia ni mama ana watoto watatu, nyumba ya halmashauri inavuja, ukungu umepanda mpaka juu ya kitanda, au takataka hazijazolewa. Halmashauri ndio mwenye nyumba wa watu maelfu, sasa ukisikiliza kesi hizo miaka saba unajua mpaka ngazi gani ya jengo gani taa haiwaki.

1985 madiwani wenzake wakamfanya kiongozi wa halmashauri. Sio meya jamani, meya wa pale ni mambo ya mkufu na kukata utepe, mwenye kauli ni kiongozi, na watu weusi waliokuwa wamewahi kufika hapo walikuwa hakuna au wa kuhesabu. Hajakaa vizuri, Oktoba polisi wakapekua nyumba ya Cynthia Jarrett, mama akaanguka akafa, kesho yake mtaa wa Broadwater Farm, humo humo Haringey, ukalipuka kwa ghasia na askari Keith Blakelock akauawa. Grant akasema vijana wanawalaumu polisi, na kwamba polisi wamekula kipigo cha haja. Weee! Magazeti yakamvaa, serikali ikamvaa, wakubwa wa chama chake nao wakamruka. Mimi naona alikosea, hata kama alikuwa anarudisha maneno ya mtaani, askari hajazikwa na familia yake inasikia.

Ungesema kaisha. Ila mgombea wa Labour alikuwa anapitishwa na chama pale pale jimboni, na jimbo la Tottenham, humo humo Haringey, wakamwacha mbunge wao wa siku nyingi, Norman Atkinson, wakambeba Grant. Juni 1987 akashinda, sambamba na wenzake watatu wa Labour wasio wazungu, Paul Boateng, Keith Vaz na Diane Abbott, ambaye naye alitokea udiwani, halmashauri ya Westminster hapo London. Malkia anafungua Bunge, Grant huyo katinga vazi pana la Afrika Magharibi, kama kanzu ambayo fundi hakubania kitambaa.

1993 akaanzisha vuguvugu la kudai fidia ya utumwa, na kiti hakukiachia mpaka alipofariki Aprili 2000. Uchaguzi mdogo wa Juni akakichukua kijana wa Tottenham, David Lammy, ambaye kwenye Baraza la London alikuwa na wiki chache tu tangu aingie.