Bwana Msa si wa kuokota: dhana potofu kuhusu kutumia wahusika wa mwandishi mwengine

"Nikimbadilisha jina, keshakuwa wangu."

Hii ndiyo inayowaponza wengi, tena wenye kipaji. Hakimiliki hailindi jina peke yake, wala hailindi wazo tupu. Inalinda mtu alivyochorwa kwa maneno: tabia zake, usemi wake, watu wanaomzunguka, mambo yaliyomkuta. Ukimwandika "Bwana Isa" wa Unguja, kiko mdomoni, anayefumbua mauaji kwa akili, na ubavuni ana rafiki aitwaye Najimu, umebadilisha herufi tu. Aliyewahi kumsoma Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Zanzibar aliyemuumba mpelelezi Bwana Msa na rafiki yake Najum, atamjua Bwana Msa kabla hajafungua ukurasa wa pili. Na hakimu naye ni msomaji.

Lakini Abdulla mwenyewe hakuwa wa kwanza kumvisha mpelelezi kiko. Sherlock Holmes, mpelelezi wa mwandishi Conan Doyle, alianza kuvuta chake London mwaka 1887, na rafiki yake Watson yuko pembeni akimshangaa. Alichochukua Abdulla ni aina ya mtu, na aina haina mwenyewe. Kisha akamjaza: katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960, mpelelezi yumo ndani ya jamii inayouogopa mzimu, na kazi yake ni kuonyesha kwamba nyuma ya mzimu kuna mkono wa mtu. Huyo si Holmes aliyevishwa kanzu. Ni mtu mpya, na tokea hapo ni wa Abdulla.

Njia ya kujipima ni hii. Chukua karatasi, andika yote unayoyajua kuhusu mhusika wako bila kutaja jina. Futa kila kinachoweza kumkaa mtu yeyote wa aina yake: mzee, mpelelezi, mvuta kiko, mpenda kahawa. Yaliyobaki, kila moja liulize limetoka wapi. Kama mengi yametoka kwenye kitabu cha mtu, mhusika ni wa mtu. Kama hayakubaki hata mawili, basi bado hujamuumba. Una jina tu. Mwaka 1930 mahakama ya rufaa ya New York ilisema jambo linalokaribiana na hilo: mhusika aliyechorwa kidogo hulindwa kidogo.

Marekani pia ilikuwapo kesi ya riwaya iliyomrudisha Holden Caulfield, kijana wa riwaya ya J. D. Salinger The Catcher in the Rye, akiwa mzee, akiitwa "Mr. C" tu. Mwaka 2009 mahakama ya New York iliizuia. Mahakama ya rufaa ikaagiza zuio lipimwe kwa kigezo kingine, na 2011 pande mbili zikapatana isiuzwe Marekani maadamu hakimiliki ya Salinger ingali hai. Hukumu za huko hazimfungi hakimu wa Zanzibar, lakini zinaonyesha namna mahakimu wanavyomtazama mhusika: uzee na ufupisho wa jina havikumficha.

"Mwandishi keshafariki, Mungu amrehemu, kazi yake ni ya wote."

Hapa pana hesabu, na inafaa ifanywe kwa kalamu. Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania ilijiunga nao 1994, unaweka kima cha chini: uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, ikihesabiwa tangu Januari mosi ya mwaka unaofuata. Shaaban Robert alifariki 1962. Miaka 50 ilitimia mwisho wa 2012. Karama, mhusika wa kitabu chake Kusadikika, unaweza kumwandikia hadithi nyengine leo hii. Muhammed Said Abdulla alifariki 1991. Hesabu inafika mwisho wa 2041. Hadi hapo, Bwana Msa na Najum wana wenyewe, nao ni warithi au yeyote aliyepewa haki hizo kwa mkataba.

Hesabu hii inabadilika ukivuka mpaka. Conan Doyle alifariki 1930, kwa hiyo kwa kipimo cha miaka 50 Holmes alikuwa huru tangu 1981. Marekani inahesabu kwa njia nyengine kwa vitabu vya zamani, na hadithi zake za mwisho zilifunguka huko Januari mosi 2023 tu. Anayeuza kitabu cha kielektroniki Marekani anahukumiwa kwa sheria ya Marekani. Hata hapa nyumbani zipo mbili: Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar Namba 14 ya 2003, inayosimamiwa na COSOZA, na ya Bara Namba 7 ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Kitabu kilichochapwa Unguja na kuuzwa Kariakoo kimeingia kwenye zote mbili.

"Hakijasajiliwa, na madukani hakipo tena."

Usajili hauzai hakimiliki. Haki inazaliwa kazi inapoandikwa. Usajili ni ushahidi wa kukusaidia mkigombana. Na kitabu kilichokwisha dukani kimekwisha dukani tu.

"Mimi siuzi, naweka kwenye kundi la WhatsApp."

Haki ya mwandishi ni kunakili, kusambaza na kugeuza kazi yake. Pesa si sharti. Kutouza kunaweza kupunguza fidia, hakuhalalishi. Tunaelewa raha ya kundi linalosubiri sehemu ya kumi na mbili kila Ijumaa usiku, na wengi wamejifunzia uandishi humo. Basi wajifunzie kwa wahusika wao, kwa sababu siku hadithi ikipendwa na redio ikaitaka kwa mchezo, hapo ndipo mwenye haki huanza kuuliza. Kumtaja mwandishi wa asili mwanzoni ni adabu njema, lakini ruhusa haipatikani kwa kutaja. Tahakiki ni jambo jengine: mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA anayenukuu kwa kiasi na kutaja chanzo yuko salama.

"Nilichobuni mwenyewe ndani yake ni changu."

Si lazima. Mwaka 1989 mahakama ya Los Angeles iliamua juu ya mwandishi aliyeandika muhtasari wa filamu mpya akiwatumia wahusika wa filamu za Rocky bila ruhusa. Alidai kuwa wenye filamu wamechukua mawazo yake. Akaambiwa kwamba kazi aliyoijenga juu ya wahusika wa mtu bila idhini haina ulinzi, hata sehemu alizobuni mwenyewe. Hasara hii waandishi wetu hawaifikirii: unaweza kumaliza miaka miwili juu ya muswada usioweza hata kuutetea.

"Ngano ni za wote, basi nachukua tu."

Abunuwasi na Sungura hawana mwenyewe. Paa wa Sultan Darai yumo kwenye mkusanyiko wa Edward Steere wa 1870, uliotokana na masimulizi ya watu wa Zanzibar, na Steere alifariki 1882. Tumia. Tatizo ni pale unapochukua ngano kutoka kitabu cha juzi. Maneno ya msimulizi huyo, vichekesho alivyoongeza, mke aliyembunia Abunuwasi, picha, na tafsiri ya Alfu Lela u Lela iliyotolewa karibuni, vyote vina wenyewe. Rudi kwenye masimulizi ya kale, au kwa bibi wa Wete anayeijua kwa kichwa, uandike kwa maneno yako.

"Mtoto wa marehemu kanikubalia."

Akikubali mmoja, wenzake hawajafungwa. Hakimiliki hurithiwa kama shamba la mikarafuu, na warithi huwa wengi. Anza na ukurasa wa hakimiliki mwanzoni mwa kitabu, uone jina lililo kando ya alama ya ©. Mwandikie mchapishaji umuulize kama mkataba ulimpa haki ya kazi zitokanazo na kitabu hicho au ya kuchapa tu. Mara nyengine ni kuchapa tu. Kisha mtafute msimamizi wa mirathi, apate kutia saini kwa niaba ya wote.

Barua ya kuomba ruhusa itaje wahusika gani, lugha gani, kitabu au redio au filamu, nakala ngapi, nchi zipi, miaka mingapi, malipo kiasi gani, na wahusika wapya utakaowaongeza watakuwa wa nani. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, na ndilo linalowagombanisha watu kitabu kikipata soko. Wakikaa kimya miezi sita, hujaruhusiwa.