Saizi ya lebo sio saizi ya pateni, tafadhali

Ukiuza pateni, zile karatasi za kufuata ukikata nguo, hapa Kisumu kuna sentensi utaisikia mpaka uchoke: "Mimi huvaa 12, nipe ya 12." Nani alikuambia wewe ni 12? Lebo ya rinda la mitumba ulilookota soko la Kibuye, basi. Na hiyo bale ilitoka wapi hujui. Kama ni ya Uingereza, hiyo ni 12 ya Uingereza, ikiwa ya Marekani mwili huo huo unaandikiwa 8, ya Ujerumani inasema 38. Mama ni yule yule na hajaongeza hata chapati moja.

Sasa chukua zile pateni za bahasha za Marekani, Simplicity, McCall's, Butterick, Vogue. 12 yao ni kifua inchi 34, kiuno 26 na nusu, hipsi 36. Hayo ndio wameshikilia tangu mwisho wa miaka ya 60, na huku nyuma nguo za dukani zimekuwa zikipanuliwa kidogo kidogo na namba inaachwa ndogo ndio kastoma ajisikie vizuri. Pateni haina hiyo huruma. Na ukiokota pateni ya zamani, ya mwanzo wa miaka ya 60, 12 yake ni kifua 32, hapo ndio utalia vizuri.

So mtu wa kifua 38 anabeba 12, namwambia mama hebu nikupime anasema ana haraka, anaenda anakata kitenge kizuri cha harusi, zipu inakataa katikati ya mgongo, alafu anarudi kwangu ati pateni ni za wazungu, sisi tuko na hipsi. Hipsi tuko nazo, sikatai! Lakini fungua bahasha uone, karatasi ni moja na imechorwa saizi kadhaa, mistari imepangana. Kifua chako kikiwa 36 hiyo ni saizi 14, hipsi zikiwa 42 hiyo ni saizi 18, kwa hivyo juu unafuata mstari wa 14 na ukikaribia kiuno unaanza kutoka nje pole pole hadi unaingia kwa mstari wa 18. Kazi ya penseli na rula tu. Angalia tu bahasha unayonunua iwe na 14 na 18 zote mbili, maana zinauzwa kwa makundi. Na usikate ile karatasi yenyewe, nakili kwa karatasi ya khaki, mwaka ujao mwili utakuwa mwingine na utaitaka.

Kitu kingine narudia kila siku na hakuna anayetaka kusikia: kifua kinapimwa mara mbili. Kwanza tepu ipite juu ya matiti, chini tu ya kwapa, alafu penye kifua kimejaa. Tofauti ikizidi inchi 2, chagua saizi kwa ile namba ya kwanza na uongeze nafasi ya matiti kwa kipande cha mbele, kwa sababu nyingi ya hizi pateni zimechorwa kwa mtu wa sidiria ya kikombe B. Ukinunua kwa kufuata kifua kilichojaa pekee, kifua kitaenea lakini mabega yataanguka na shingo itapwaya, na utaambia watu fundi ndiye mbaya. Sketi na suruali angalia hipsi, achana na kiuno, kiuno ni rahisi kupunguza.

Alafu kuna yule wa kunijibu, "lakini nilishona 16 nikaogelea ndani." Ndio, rinda lina nafasi ya kupumua, na wachoraji wengine huacha kubwa kweli. Mwili wa kifua inchi 38 unaweza kupewa rinda la kifua inchi 42. Lakini hiyo namba imeandikwa! Iko kwa kipande cha mbele, penye kuna duara lenye msalaba pale kifuani. Laza mezani rinda lako unalolipenda, pima, linganisha na hiyo namba kabla mkasi haujashikwa.

Zingine nazipitia haraka. Ati pateni ni ya wasiojua kushona, fundi wa kweli hukata kwa macho: Ebenezer Butterick, aliyeanza kuuza pateni za karatasi zenye saizi mwaka 1863 kule Massachusetts, alikuwa fundi nguo. Ati kitambaa chochote kitaingia: pateni ikisema ni ya vitambaa vya kuvutika, kitenge hakitapita hipsi, usijaribu. Ati unakata kwa mstari kila wakati: hizo za bahasha za Marekani zina nafasi ya mshono tayari, sentimita 1.5, lakini za gazeti la ushonaji la Burda hazina, unaongeza mwenyewe, na kuna watu wamezikata kavu kavu wakashangaa rinda limekuwa la mtoto.

Yadi za nyuma ya bahasha nazo ati ni ujanja wa kukuuzia kitambaa. Wewe ulisoma safu ya upana wa inchi 60 ukaenda kununua kitenge cha 45, nani mjanja hapo? Na kama unataka kuku wote waliochorwa kwa hicho kitenge wasimame kwa miguu, ongeza tena.

Hizi za kupakua kwa intaneti sina shida nazo, hata mimi nauza, shida ni saiba. Printa inapunguza ukurasa ndio uenee A4, pateni yote inasinyaa na kwa macho huoni kitu. Mwambie kijana aweke asilimia 100, achapishe kwanza ule ukurasa wenye mraba wa kupimia, na utoe rula hapo hapo kaunta. Mraba usipofika kipimo kilichoandikwa, asiguse kurasa zile zingine, na usilipe.