Je, wajua kwa nini ni vigumu kusema sabuni inayeyuka kiasi gani kwenye maji?

Chumvi haina makuu. Tia kwenye lita moja ya maji, koroga, ongeza, koroga tena. Ikifika gramu 360 hivi maji yanagoma na inayozidi inatulia chini. Unachuja, unapima kwenye mizani, umepata umumunyifu wake, yaani kiasi cha juu kinachoweza kuyeyuka. Sasa fanya hivyo hivyo kwa sabuni ya mche ya mawese, ile inayouzwa kwa vipande pale Ujiji na soko la Mwanga, mjini Kigoma. Utakoroga mpaka mkono uchoke na jibu usilipate.

Angalia sabuni iliyolala usiku kucha kwenye kisahani chenye maji. Juu ni ngumu, chini imeshika ute mzito unaovutika kidoleni. Wengi huuona ute ule kuwa ni uharibifu tu, kumbe ni hali ya maada yenye mpangilio wake: molekuli za sabuni zimejipanga tabaka kwa tabaka, na maji yameingia katikati ya tabaka hizo. Ukiuliza kama sabuni hiyo imeyeyuka au haijayeyuka, majibu yote mawili yana kasoro.

Chanzo ni umbo la molekuli yenyewe. Ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu wa mafuta unaoyakimbia. Zile za kwanza kuingia hukimbilia juu, zikazamisha kichwa majini na kuacha mkia hewani. Ni kama abiria wa meli: wanaowahi hushika nafasi kwenye reli za pembeni, na reli zikijaa, wanaofuata huketi sitahani kwa makundi. Molekuli za sabuni nazo, uso wa maji ukishajaa, hukusanyika kwa makumi, mikia ndani na vichwa nje. Kikundi hicho huitwa miseli. James William McBain, mkemia wa Chuo Kikuu cha Bristol nchini Uingereza, alilitoa wazo la makundi haya mwaka 1913, na halikupokewa kwa urahisi.

Hapo ndipo upimaji wa kawaida unapokwama. Mwongozo namba 105 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, unaotumiwa na maabara nyingi duniani, una njia ya chupa. Unapima dutu kwa wingi kiasi cha mara tano ya ile inayokadiriwa kuyeyuka, unaitia kwenye chupa tatu zenye maji na kuzitikisa kwenye nyuzi joto 30. Baada ya siku moja unaitoa ya kwanza, siku ya pili nyingine, siku ya tatu ya mwisho. Kila moja inakaa saa 24 kwenye nyuzi 20, kisha inazungushwa kwa kasi kwenye mashine ili kisichoyeyuka kijitenge. Chupa mbili za mwisho zisipopishana zaidi ya asilimia 15, namba inakubaliwa.

Njia hii inadai jambo moja: kilichoyeyuka kitofautiane wazi na ambacho hakijayeyuka. Miseli zinaharibu mpango huo. Ni ndogo mno, za nanomita chache tu, hivyo zinapenya kwenye karatasi ya chujio, hazitui chini, na maji yanabaki maangavu huku yakiwa yamebeba mzigo. Juu ya hayo povu linapanda shingoni mwa chupa na sehemu ya dutu inaganda kwenye kuta za kioo. Mpimaji anaishia kupima kila kitu kwa pamoja.

Mfano mzuri ni sodiamu laurili salfeti, inayotoa povu kwenye dawa nyingi za meno. Unaweza kuingiza zaidi ya gramu 100 kwenye lita moja ya maji. Lakini kwenye nyuzi 25 molekuli zinazoelea moja moja hukoma kuongezeka kwenye gramu 2.4 hivi. Nyingine zote zimo ndani ya miseli. Umumunyifu wake ni upi, 2.4 au 100?

Mimi naegemea ile ndogo, na miongozo ya kusajili kemikali barani Ulaya nayo inakubali itumike kwa dutu za aina hii. Namba ya umumunyifu huingizwa kwenye hesabu za kukadiria kemikali itaishia wapi ikifika ziwani: majini, kwenye tope, au mwilini mwa samaki. Ukiandika 100, hesabu itakwambia yote inabaki majini kwa amani. Dutu hizi hazina tabia hiyo. Hunata kwenye tope na kwenye matamvua ya samaki.

Kuipata namba hiyo ndogo, mizani haitoshi. Unapima uso wa maji. Pete nyembamba ya platini inagusishwa juu ya maji kisha inavutwa taratibu, na chombo kinasoma nguvu inayohitajika kuibandua, ambayo ndiyo kipimo cha mvutano wa uso wa maji. Maji safi kwenye nyuzi 20 yana mvutano wa milinyutoni 72.8 kwa mita. Kadiri unavyoongeza sabuni mvutano unashuka, mara nyingi hadi kati ya 30 na 40, kisha unasimama ghafla. Pale mstari unapokunjika kwenye grafu ndipo miseli zinapoanza. Na hili halikuanzia kwenye maabara ya kifahari: Agnes Pockels, Mjerumani ambaye hakusoma chuo kikuu, alipima mvutano wa uso wa maji jikoni kwake kwa kitufe na mizani, na barua yake ikachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891.

Joto nalo lina neno. Sabuni ya mawese ina sehemu kubwa ya palmiti, aina ya asidi ya mafuta yenye mkia mrefu, na sodiamu palmiti haianzi kuunda miseli kwa urahisi mpaka maji yakaribie nyuzi 60. Mafuta ya mise, yaani yanayokamuliwa kwenye kokwa la mchikichi huo huo, yamejaa lauriki, asidi ya mafuta yenye mkia mfupi zaidi, na sabuni yake inafanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba. Ndiyo maana watengenezaji huchanganya: mise kwa povu, mawese kwa ugumu.

Maji yenyewe pia hubadilisha jibu. Ziwa Tanganyika lina magnesiamu kiasi cha miligramu 40 kwa lita, nyingi kuliko kalisiamu yake. Sabuni ikikutana na madini hayo hutengeneza utando mweupe usioyeyuka, ule unaobaki pembeni mwa beseni. Hata sodiamu laurili salfeti, ukitia chumvi ya mezani gramu 6 hivi kwa lita, miseli zake huanza mapema, chini ya nusu gramu.

Ukitaka kuona mkunjo wa grafu nyumbani, tumia maji ya mvua, sabuni ya unga na bomba la sindano lisilo na sindano. Hesabu matone yanayotoka kwenye mililita moja ya maji matupu, yakidondoka polepole. Kisha tengeneza maji ya sabuni mazito, yapunguze makali kwa nusu, nusu tena, ukihesabu kila hatua. Sabuni hufanya matone yawe madogo na mengi zaidi. Kwenye maji mazito idadi haitabadilika sana. Ukishuka chini ya kiwango cha miseli, itaanza kupungua kuelekea ile ya maji matupu. Andika na joto la maji kila unapohesabu, maana ya alfajiri na ya saa nane mchana Kigoma hayatakupa mkunjo mahali pamoja.