Huru, lakini utalala wapi?

Kisa cha Fumo Liyongo kila mtu wa pwani amekisikia kwa namna fulani. Shujaa yumo kifungoni, mamaye humpelekea chakula kila siku, na mchukuzi wa chakula ni kijakazi anayeitwa Saada. Walinzi hula kilicho kizuri. Liyongo anamtuma Saada kwa mama: aoke mkate wa wishwa, yaani pumba za nafaka, na ndani yake afiche tupa ya kukerezea chuma. Mkate unafika, walinzi wanaukejeli, wanamtupia mfungwa. Usiku ngoma ya gungu inachezwa, ngoma na matari yanavuma, na chini ya kelele hizo Liyongo anakereza pingu mpaka zinakatika.

Saada je? Ndiye aliyebeba ujumbe kichwani na tupa mkononi, na lau angekamatwa, yeye ndiye angeanza kupigwa. Utendi wa Liyongo haumtaji tena kwa jambo la kumwacha huru. Mtunzi hakusahau, nadhani, halikumjia tu. Katika ulimwengu ule kufungwa kwa muungwana kulikuwa dhuluma ya kutungiwa mashairi, na utumwa wa kijakazi ulikuwa sehemu ya nyumba, kama mlango na kisima.

Nafundisha historia na fasihi ya pwani, na huanza na Saada kabla sijagusa tarehe yoyote ya kukomeshwa kwa utumwa, kwa sababu tarehe zinadanganya kirahisi. Tuchukue Zanzibar. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa likafungwa na biashara ya kuwasafirisha kwa bahari ikapigwa marufuku. Mwaka 1890 Sultani Ali bin Said akakataza kuuza na kununua watu. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammed akatoa amri iliyoondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Vitabu vya shule vinaishia hapo, utumwa umekwisha, tugeuze ukurasa.

Isome amri yenyewe. Haikumwacha huru mtu hata mmoja kwa siku ile. Ilichofanya ni kuikataza mahakama kutambua dai la mtu kummiliki mwenzake. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba. Bwana wake, akithibitisha kwamba alimmiliki kihalali kwa sheria za wakati huo, alilipwa fidia na serikali. Aliyelima mikarafuu miaka yote ile hakulipwa kitu.

Kisha kikaja kifungu ninachokiona ndicho moyo wa jambo zima. Aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe ana makazi ya kudumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo atangazwe mzururaji. Na kama makazi hayo yako kwenye ardhi ya mtu mwingine, amlipe mwenye ardhi kodi watakayokubaliana mbele ya mahakama. Sasa jiweke mahali pake. Kibanda chako kimo ndani ya shamba la bwana. Muhogo wako umo humo humo, kwenye kijisehemu ulichoachiwa ulime Alhamisi na Ijumaa. Ukienda kuomba uhuru unaulizwa: utakaa wapi, utakula nini? Jibu la pekee ulilo nalo ni shamba la yule yule unayetaka kutengana naye. Basi wengi waliishia kwenye mapatano ya kufanya kazi siku kadhaa za wiki kwa bwana wa zamani ili waruhusiwe kubaki walipokuwa. Maofisa walilijua hilo tangu mwanzo. Walihofia karafuu zisije zikakosa wachumaji, maana mapato ya serikali yalitegemea zao hilo.

Masuria waliachwa nje kabisa. Amri iliwahesabu kama wake, wabaki walipo, isipokuwa suria aweze kuthibitisha ukatili mbele ya mahakama. Walisubiri mpaka 1909 ndipo sheria ikawafikia nao. Miaka 12! Na hili halina fumbo: watawala wa Kiingereza hawakutaka kuingia ndani ya nyumba za matajiri ambao walihitaji utulivu wao.

Hapa ndipo mwanafunzi mmoja, kila mwaka, hunyanyua mkono na kusema: lakini mwalimu, wengi hawakwenda mahakamani, si ina maana hali yao haikuwa mbaya? Hoja hiyo ina umri mrefu. Maofisa wa kikoloni waliiandika kwenye ripoti zao, na bado naisikia barazani kutoka kwa watu wasiojua wanamrudia nani.

Wapo waliokuwa na sababu zao za kutokwenda, na sababu hizo zinatufunza kuliko amri yenyewe. Kwa jamii ya pwani, kinyume cha mtumwa hakikuwa mtu anayejitegemea peke yake. Kilikuwa muungwana: mtu mwenye jamaa, mwenye wa kumuoza, wa kumzika, wa kumtetea akishtakiwa. Mtumwa aliyeletwa kutoka bara, Nyasa au Manyema, alinyang'anywa hayo yote kwa siku moja, na mengine aliyoyapata baadaye aliyapata kupitia nyumba ya bwana. Sheria ya dini nayo ilimpa aliyemwacha mtu huru haki ya walaa, yaani uhusiano wa kudumu na aliyemwacha huru: aweza kumrithi asipokuwa na warithi, na aweza kusimama walii, yaani mwozeshaji, wa mwanamke asiye na ndugu wa kiume. Kwa hiyo mwanamke aliyepewa karatasi ya serikali alikabiliwa na swali zito. Nani atamuoza? Wapo waliosema hadharani kwamba uhuru ambao bwana hakuutamka si uhuru mbele ya Mungu. Mtu akaweza kuwa huru kortini na mtumwa msikitini.

Kubaki, basi, kulikuwa hesabu, na atakayeiita hesabu hiyo ridhaa akumbuke watoro. Muda mrefu kabla ya amri yoyote, watu walikuwa wakitoroka mashamba ya Malindi na Mombasa na kuanzisha vijiji vyao bara kidogo, kama Fuladoyo, au kukimbilia Witu. Hawakungoja Mwingereza. Siwaelewi wanaoandika historia ya ukombozi wa pwani wakaanza na manowari za Waingereza.

Baada ya 1897 mapambano yalihamia mahali ambapo mwanahistoria wa sheria hatazami: kabatini. Mtumwa mwanamke alijulikana kwa kaniki, kitambaa cheusi cha bei rahisi, mwanamume kwa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na kichwa cha mtumwa hakikufunikwa mbele ya mabwana. Wakajitanda kanga, wakavaa buibui, wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wakahamia Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, wakabadili hata kabila walilojitaja kwalo. Wazee wa koo kubwa walichukia, na chuki yao ni ushahidi mzuri kwamba nguo zilikuwa zinafanya kazi.

Siti binti Saad ndiye mfano ninaoupenda. Alizaliwa Fumba kwa wazazi wa asili ya utumwa, na jina alilopewa mwanzo, kwa mapokeo yanayojulikana sana, ni Mtumwa. Aliuza vyungu mjini, akahamia mjini mwaka 1911, akawa mwimbaji wa taarab, na mwaka 1928 alisafiri Bombay kurekodi santuri. Mahasidi walimtungia kijembe wakiuliza amekuwa mtu lini, naye alikuja mjini amevaa kaniki. Yasikilize maneno hayo vizuri. Amri ilikuwa na zaidi ya miaka kumi, na bado swali lilikuwa kama yeye ni mtu. Siti alijibu kwa wimbo kwamba uzuri na nasaba si hoja, hasara ni kukosa akili.

Mwaka huo huo wa 1928, Ng'ambo iligoma. Wakazi, wengi wao wakiwa wale walioachwa huru pamoja na watoto wao, walikataa kulipa kodi ya viwanja vilivyo chini ya nyumba walizozijenga kwa mikono yao. Wenye ardhi waliwashtaki, na wengine wakakamatwa. Umati ukaenda kuwatoa. Serikali, iliyokuwa imeandika katika amri ya 1897 kwamba aliye huru atamlipa kodi mwenye ardhi, ikalazimika kutunga sheria ya kuidhibiti kodi hiyo.